Kikulacho Chuma Kinywani: Ulikaji na Msuguano katika Vyuma vya Meno

Utangulizi

Kiswahili kimeusifu mwanya tangu jadi. Mwanamwali mwenye pengo jembamba kati ya meno mawili ya mbele ya juu huhesabiwa kuwa amejaliwa, na malenga wa pwani hawakuchoka kumtaja. Huku kwetu nyanda za juu, wazee wa Kinandi waliwang'oa vijana meno mawili ya mbele ya taya la chini, nao majirani wao Waluo waling'oa sita. Kwa hivyo, wazo la kuutengeneza mdomo ili ulingane na kipimo kilichokubaliwa na jamii si geni kwetu. Kilicho kigeni ni chombo. Kijana wa siku hizi hufungwa vyuma kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, miwili au zaidi, na mwanya ule ule aliousifu malenga huwa ni kasoro inayozibwa kwa malipo.

Makala haya yananuia kueleza mambo mawili yanayovipata vyuma hivyo vikiwa kinywani, yaani ulikaji na msuguano. Mwandishi si daktari wa meno. Ni mwanafunzi wa Kiswahili aliyevaa vyuma hapa Eldoret kwa miezi 29, na aliyechokozwa na doa.

Doa lenyewe lilitokea hivi. Katika mwezi wa saba, kimojawapo cha vile vibati vidogo vinavyogandishwa juu ya meno kilibanduka nilipokuwa nikila mahindi ya kuchoma. Nilikwenda katika kliniki moja ya kibinafsi ambayo sina haja ya kuitaja. Mhudumu alikishika kibati kwa koleo, akakipitisha juu ya mwako wa moto hadi gundi kuukuu ikaungua, akakipangusa na kukigandisha tena. Miezi minne baadaye niliona pembezoni mwa kibati hicho rangi ya kijani iliyokolea ikielekea weusi, ilhali vile vingine vyote vilikuwa safi. Nilimwuliza, "Daktari, si mliniambia chuma hiki hakishiki kutu?" Akanijibu bila kuinua macho, "Hakishiki. Kinachafuka tu."

Jibu hilo halikunitosha. Jirani yangu wa bweni alikuwa anasomea udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Moi, ambacho mafunzo yake ya tiba hufanyika mjini, ubavuni mwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Yeye ndiye aliyenikopesha vitabu na kunivumilia kwa maswali. Makosa yaliyomo humu ni yangu wala si yake.

Neno juu ya istilahi

Katika mazungumzo ya kila siku, kutu ni ule unga mwekundu unaokula jembe lililosahauliwa mvuani. Neno hilo limefungamana na chuma cha kawaida. Vyuma vya meno havitoi unga mwekundu, na pengine hiyo ndiyo sababu mhudumu yule aliona hana la kujibu. Wanasayansi wanaoandika kwa Kiswahili hutumia neno ulikaji kwa maana pana zaidi, kwamba metali inapoteza chembe zake kwa mazingira yanayoizunguka, iwe itaonyesha wekundu au haitauonyesha. Neno hili linatokana na kitenzi kula, nasi wapenzi wa lugha tutakubali kuwa limeteuliwa vyema. Chuma huliwa. Methali inayosema kikulacho ki nguoni mwako ingeweza kuandikwa juu yake.

Lipo pia tatizo la jina la aloi yenyewe. Tumezoea kusema chuma kisichoshika kutu. Waingereza waliiita kwa jina lenye maana ya chuma kisicho na doa, baada ya Harry Brearley wa Sheffield kuiyeyusha mwaka 1913 alipokuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Majina yote mawili yanaahidi zaidi ya yanavyoweza kutimiza. Ukweli ni kwamba chuma hicho kinachelewa sana kuliwa, nacho huchelewa kwa masharti.

Pwani ndogo iliyo kinywani

Ili kuelewa masharti hayo, hebu tutazame mabati. Mabati ya nyumba iliyo Nyali, Mombasa, huliwa upesi kuliko ya nyumba iliyo Langas au Huruma hapa Eldoret, hata kama yalitoka kiwanda kimoja. Tofauti ni chumvi inayoletwa na upepo wa bahari, pamoja na joto na unyevu. Sasa basi, kinywa kina unyevu saa zote, joto lake hukaribia nyuzi 37, na mate yana chumvi. Kinywa cha mtu wa Eldoret, ajapoishi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ni pwani ndogo.

Ulikaji kinywani huenda kwa njia ya umeme. Chembe ya metali huacha elektroni zake na kutoka ikiwa ioni. Ioni huingia katika mate, nazo elektroni husafiri ndani ya metali hadi mahali pengine zinakopokewa, mathalani na oksijeni. Mate, kwa kuwa yana chumvi, huukamilisha mzunguko. Ni betri ndogo ambayo haimwashii mtu taa.

Kinachouzuia mzunguko huo katika chuma kisichoshika kutu ni kromi. Aloi inayotumika sana katika vyuma vya meno ina kromi takriban asilimia 18 na nikeli takriban asilimia 8. Kromi inapokutana na oksijeni hufanya utando mwembamba mno, wa nanomita chache tu, ambao huifunika metali yote. Utando huo ukikwaruzwa, hujiponya wenyewe papo hapo, mradi oksijeni ipo. Titani nayo hujilinda kwa utando wa namna hiyo hiyo, na wake ni imara zaidi.

Mradi oksijeni ipo. Hapo ndipo penye kisa chote. Chini ya kibati, baina ya waya na mpira unaoufunga, na chini ya ukoga unaoganda juu ya jino, kuna nafasi ambazo mate hutuama na oksijeni huisha. Utando ukivunjika humo hauponi. Kloridi ya mate hujikusanya, asidi huongezeka, na metali huanza kutobolewa vishimo. Wataalamu huuita ulikaji wa mwanya, na sikuweza kujizuia kucheka nilipolisoma jina hilo: nimelipa fedha mwanya wangu uzibwe, nikafunguliwa myanya mingine midogo isiyoonekana.

Hali kadhalika, viumbe wadogo wa kinywani huchangia. Bakteria wanaokula sukari hutoa asidi ya laktiki, asidi ile ile iletayo uchachu katika mursik. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini yake, na utando wa metali nao hudhoofika. Msomaji wa Kikalenjin asiingiwe na hofu. Kikombe cha mursik hupita kinywani na kushuka, na mate hurudisha usawa baada ya muda mfupi. La kuogopwa zaidi ni chai yenye vijiko vinne vya sukari inayonywewa kidogo kidogo asubuhi nzima, kwa kuwa hiyo huwapa bakteria karamu isiyokoma.

Kuhusu doa langu, vitabu vilinipa maelezo ya wazi kuliko nilivyotarajia. Chuma cha aina hii kikipashwa moto wa kati ya nyuzi 450 na 850 hivi, kromi iliyomo huungana na kaboni na kujikusanya mipakani mwa chembechembe za metali. Sehemu za jirani hubaki maskini wa kromi, na pasipo kromi hapana utando. Kwa maneno mengine, mwako ule wa moto ulikivua chuma silaha yake kabla ya kukirudisha vitani. Kuna aina ya chuma kinachotengenezwa kwa kaboni kidogo mno kwa minajili ya kupunguza athari hiyo, na baadhi ya vibati hutengenezwa kwacho. Aidha, vibati vingi huwa na vipande viwili vilivyounganishwa kwa risasi ya kuchomelea yenye fedha na shaba. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya mate, moja huliwa kwa niaba ya nyingine, na aghalabu anayeliwa ni huyo muunganishi.

Je, kinacholiwa huenda wapi? Sehemu kubwa humezwa. Majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 1983 yalikadiria kwamba vyuma vya mdomo mzima hutoa takriban mikrogramu 40 za nikeli kwa siku. Chakula cha kawaida humpa mtu mikrogramu 200 hadi 300. Kwa hiyo si sumu kwa walio wengi. Hata hivyo, wapo watu ambao miili yao huikataa nikeli, na wengi wao ni wanawake waliotoboa masikio na kuvaa vipuli vya bei nafuu. Anayewashwa na vipuli au na kifungo cha suruali anapaswa kumwambia daktari kabla hajafungwa chochote.

Jino linalovutwa na waya unaokataa

Sasa tugeukie msuguano, ambao nauona kuwa na uzito mkubwa zaidi kwa mfuko wa mgonjwa, ijapokuwa hauleti doa.

Vibati havisukumi meno. Ni vishikio tu, kila kimoja kikiwa na mfereji wenye upana wa milimita 0.46 au 0.56. Waya hupita katika mifereji hiyo, na ndio unaofanya kazi, kwa kutaka kuurudia umbo wake au kwa kuwa reli ambayo jino huteleza juu yake likivutwa na springi au mpira. Jino likivutwa vizuri husogea takriban milimita moja kwa mwezi. Pengo la jino lililong'olewa kwa ajili ya kutafuta nafasi lina upana wa milimita 7 hivi. Msomaji apige hesabu mwenyewe.

Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons alieleza kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sekondari ameikariri: msuguano huongezeka kwa kadiri nyuso mbili zinavyokandamizwa pamoja, wala hautegemei ukubwa wa eneo linalogusana. Kanuni hiyo yatosha mwanzoni, wakati waya umelala sawasawa mfereji wake. Mpira ukiubana sana waya, msuguano huwa mkubwa. Ukilegea, huwa mdogo.

Lakini jino halitelezi kama sanduku sakafuni. Jino huvutwa kwenye taji lake, ilhali mzizi wake umezama katika mfupa. Kwa hivyo taji hutangulia na jino huinama kidogo. Likiinama, kingo mbili za mfereji huung'ata waya, moja juu na nyingine chini. Tunga ushanga katika waya, kisha uuvute kwa kuuinamisha: hautakwenda. Ivute droo, au mtoto wa meza kama wasemavyo wazee wetu wa pwani, kwa kuishika pembe moja tu: itakwama. Daktari husubiri mzizi uufuate taji, jino lisimame wima, kingo ziuachilie waya, ndipo hatua nyingine ifuate. Meno huenda kwa kuchechemea. Mng'ato ukizidi, ukingo wa kibati huuchanja waya, na hapo mwendo husimama kabisa hadi chanjo hiyo iondolewe.

Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba upinzani huu waweza kumeza kuanzia asilimia 12 hadi asilimia 60 ya nguvu inayotumiwa. Tuseme springi inavuta kwa nguvu ya gramu 200 na nusu yake inapotea. Jino hupata gramu 100. Daktari akiongeza nguvu ili kufidia, nguvu hiyo yote haina budi kuegemea mahali fulani, nayo huegemea magego ya nyuma. Magego nayo husogea mbele, na lile pengo lililopatikana kwa kung'oa jino zima huzibwa kutoka upande usiotakiwa. Mgonjwa huona pengo limezibika na kufurahi, asijue kuwa nafasi yake imeibwa.

Aina ya waya ina sauti kubwa katika jambo hili. Chuma kisichoshika kutu ndicho chenye msuguano mdogo. Aloi ya nikeli na titani, iliyogunduliwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani na kuingizwa katika tiba ya meno na George Andreasen wa Iowa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ina sifa ya ajabu ya kulikumbuka umbo lake, hata ikapindwa namna gani. Ndiyo maana hutumiwa miezi ya kwanza, meno yakiwa yamepotoka sana. Msuguano wake ni mkubwa kuliko wa chuma. Aloi za titani za aina ya beta, zilizofuata karibu na mwaka 1980, huwa na msuguano mkubwa kuzishinda zote, kwa sababu titani hunata juu ya chuma kana kwamba inataka kuungana nacho. Kwa hiyo daktari anapobadilisha nyaya mara kwa mara si kwamba anamkamua mgonjwa. Kila waya una msimu wake.

Yamkini msomaji amesikia vibati visivyotumia mipira, vyenye kilango kidogo kinachojifunga, na kwamba eti humaliza kazi upesi. Mezani pa maabara ni kweli hupunguza msuguano waya mwembamba ukiwa umelala sawa. Tafiti zilizofanywa kwa wagonjwa hazikuona muda wa matibabu ukipungua kwa kiasi cha maana. Sababu mojawapo ni ule mng'ato nilioueleza, ambao hauna habari ya kilango. Sababu nyingine ni kwamba mdomo wenyewe hautulii: kila tunapotafuna waya hutikisika, na kila mtikiso huulegeza kidogo. Anayetozwa zaidi kwa ajili ya kasi ana haki ya kuuliza kasi hiyo ilipimwa wapi.

Mambo mawili yanapokutana

Hadi hapa nimeyaeleza mambo haya kama ndugu wasioonana. Kwa hakika hulala chumba kimoja. Waya unaposugua kibati huukwaruza utando, na kila mkwaruzo ni mlango wa ulikaji. Ulikaji nao huacha vishimo na mparuzo, na uso wenye mparuzo husuguana zaidi. Ongeza hapo ukoga unaoganda juu ya waya na kugeuka jiwe, nawe utaelewa ni kwa nini nyaya zilizokaa kinywani wiki kadhaa zilipopimwa zilionekana kukataa kuteleza kuliko mpya. Kiswahili kingefaidika na istilahi moja ya tendo hilo la pamoja. Binafsi napendekeza ulikaji-msuguano, na ninangoja wenye kauli wanisahihishe.

Suala la floridi ni la kwetu hasa. Wakazi wa Nakuru, Naivasha na Gilgil wanajua jinsi maji ya visima vya Bonde la Ufa yanavyoyapaka meno rangi ya hudhurungi. Miamba ya volkano hutoa floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Nilisoma mahali kwamba floridi huishambulia titani, nikamwuliza jirani yangu iwapo mtu wa Naivasha akivaa waya wa titani atauona ukivunjika. Jibu lake lilinifundisha kupima kabla ya kuogopa. Dawa ya meno ina floridi miligramu 1,000 hadi 1,500 katika kila kilo, yaani takriban mara 1,000 ya kiwango kile cha maji. Isitoshe, floridi huuvunja utando wa titani hasa inapokutana na asidi. Kwa hiyo maji ya kisima si tishio kwa waya. Kinachostahili tahadhari ni jeli kali za floridi zenye asidi: hizo huweza kuifanya titani inywe hidrojeni na kuwa nyepesi kuvunjika. Dawa ya kawaida isiachwe hata siku moja, kwani bila hiyo enameli iliyo kandokando ya vibati hubaki na madoa meupe yasiyofutika.

Maji yale yana madhara kwingine. Humdhuru mtoto ambaye enameli yake bado inaumbika, katika miaka minane ya kwanza hivi. Mtoto huyo akikua na kutaka vyuma, daktari hukuta enameli inayoikataa asidi inayotumiwa kuliandaa jino ili gundi ishike, na vibati vyake huelekea kubanduka. Akiangukia kwa mhudumu mwenye mwako wa moto, anarudi pale pale nilipoanzia.

Vyuma vyangu vilitolewa na daktari mwingine. Nilimwomba kile kibati cha kijani, akanipa pamoja na kioo cha kukuza. Ukingo wake ulikuwa umetoboka kama ubao ulioingiwa na dumuzi, na mfereji ulikuwa na mparuzo ambao hata ukucha uliweza kuuhisi. Alilisugua jino kwa msasa mwembamba kwa dakika chache. Doa lilififia, halikutoka lote. Kisha akaniuliza kama ninajua kwamba jino hilo ndilo lililokawia kuliko yote kufika mahali pake.